Siku Mama Mkwe Alipokalia Breki

Baba mkwe wangu ni mwanajeshi mstaafu, na mpaka leo anaamini kwamba kitu chochote ambacho hakikupangwa na yeye kimepangwa vibaya. Viatu mlangoni, kuni jikoni, mbuzi kwenye kamba zao: akipita, anapanga upya. Nyumba yake iko Lurujo, mbali kidogo na mji wa Koboko, na ua wake una mistari ya ufagio iliyonyooka kama gwaride. Mama mkwe ndiye anayefagia. Yeye anakagua.

Mimi ni fundi wa kuchomelea. Nina kibanda changu Arua, natengeneza milango, madirisha na vitanda, na miaka hii ya karibuni winchi za kuchimbia visima. Kwangu tunazungumza Kilugbara, kwa wakwe zangu Kikakwa, kwa hiyo tukikutana tunatumia Kiswahili. Cha baba mkwe ni cha kambini, kimejaa amri. Cha mama mkwe ni cha sokoni, anakitumia kushusha bei ya vitunguu. Changu nilikiokota gereji, nikaja kukinyoosha kwa kusoma magazeti ya kufungia misumari.

Ukweli ni kwamba nilikubali kuwachimbia kisima kwa sababu ya kiburi. Mke wangu alikuwa amechoka kusikia baba yake akiuliza, kila tunapokwenda kusalimia, kama mume wake bado anatengeneza vitanda. Nikasema nitamwonyesha mzee huyu kazi yenye akili. Nikapakia winchi yangu bora kwenye pikapu ya kukodi, nikamchukua mwenzangu mchimbaji, mtu wa upande wa Kongo, tukapanda Lurujo.

Breki ya winchi ile ndiyo ilikuwa fahari yangu, na siku ya kwanza nilimweleza baba mkwe namna inavyofanya kazi. Nilimwambia: Baba, unajua ng'ombe dume akikuvuta, hushindani naye kwa mikono. Unakimbia kwenye nguzo, unaizungushia kamba, unashika ncha kwa vidole viwili. Dume anavuta mpaka anachoka, na wewe unapiga soga. Si wewe unayemzuia, ni nguzo inayobanwa na kamba. Breki ya mkanda ni jambo hilohilo, ila hapa nguzo ndiyo inayozunguka. Nguzo yangu ni dramu la chuma, hilo linalokunja kamba ya kushusha watu. Ubavuni mwake nimezungusha ukanda wa bati nene, ndani nimeubandika turubai ya mkanda wa mashine ya kusaga unga, ili ung'ang'anie. Ncha moja ya ukanda nimeifunga kwa boliti kwenye fremu. Ncha ya pili nimeifunga kwenye mkono wa breki, bomba refu unaloweza kulikandamiza kwa kiganja. Ukikandamiza, ukanda unalikumbatia dramu, na dramu lenyewe, kwa kutaka kuzunguka, linauburuta ukanda na kuzidi kujibana. Uzito wote unakwenda kwenye boliti. Kwako unabaki uzito wa kikombe cha chai.

Alisikiliza akiwa ameweka mikono nyuma.

"Hiyo breki watu wengine iko nayo?"

Nikamwambia iko kwa watu wengi bila wao kujua. Wapasua mbao wanayo ndani ya misumeno yao ya mnyororo, ile inayokata mzunguko ghafla msumeno ukiruka. Baiskeli fulani za zamani zilikuwa nayo kwenye gurudumu la nyuma, ndani ya kikombe cha bati. Winchi za malori ya magogo zinayo. Hata magari yanayojibadilishia gia yenyewe yana mikanda ya namna hiyo tumboni.

"Mimi sijaona," alisema, akaenda kupanga kuni.

Kosa langu ni kwamba sikumweleza nusu ya pili. Breki hii ina upande. Dramu likizunguka kwenda upande unaoelekea ncha ya mkono wa breki, mambo ni kama nilivyosema. Likizunguka kinyume, linauvuta ukanda kutoka mkononi mwako kwenda kwenye boliti, na uzito ule uliokuwa unabebwa na boliti unakuja wote kwako. Ukanda ni uleule, turubai ni ileile, lakini sasa wewe ndiye nguzo. Sikulisema hilo kwa sababu sikuona haja. Kamba yangu ilikunjwa upande sahihi, na hakuna mtu mwenye akili angeigusa.

Tulichimba siku kumi na moja. Mwenzangu alikuwa chini, mimi juu pamoja na jirani wa kunisaidia, ndoo za udongo zikipanda. Siku ya kumi na mbili udongo ulianza kuja na unyevunyevu, na asubuhi ile mwenzangu alipanda bodaboda kwenda mjini kununua saruji ya kuzuia ukingo. Nikabaki peke yangu nikinoa sururu. Majirani walikuwa wamekwenda sokoni. Baba mkwe akatokea amevaa kofia yake ya zamani na buti.

"Mkwe. Jana wakati ninyi munakula, mimi nilipima kisima na kamba ya winchi. Iko pima saba na nusu. Wewe ulisema nane."

"Labda mikono yako ni mirefu, Baba."

"Mikono yangu ni ya serikali. Leo nashuka naona mwenyewe."

Nilimwambia tuna sheria: mtu hashuki kisimani kama juu hakuna watu wawili. Akaniuliza sheria hiyo imeandikwa wapi. Nikasema kichwani mwangu. Akasema basi ibaki huko. Na hapo nafsi yangu ikanidanganya: nikaona hii ndiyo nafasi ya kumwonyesha kiganja kimoja kikimshusha mzee wa kilo themanini kama unyoya. Kamba yenyewe niliiona imekunjwa vizuri ajabu, mzunguko kando ya mzunguko, kama uzi wa dukani. Nikafikiri mwenzangu siku hizi ameanza kuwa nadhifu.

Mzee akakaa kwenye kiti cha tairi la pikipiki, nikamfunga mkanda kifuani, akajisukuma juu ya shimo. Nikaweka kiganja changu kwenye mkono wa breki, nikatabasamu, nikalegeza.

Alikwenda.

Sikumbuki vizuri sekunde zile. Nakumbuka kofia ikibaki hewani peke yake, halafu ikimfuata. Nakumbuka mpini wa winchi ukizunguka mpaka ukawa kama sahani. Nilikandamiza kwa mikono miwili, breki ikalia, mzee akapunguza mwendo lakini hakusimama. Nikaruka nikalalia bomba kwa tumbo. Hapo akasimama, au karibu kusimama. Kila nilipovuta pumzi, dramu lilisogea kidogo, kama mtu anayejifanya amelala.

"Mkwe!" sauti ikapanda. "Hiyo ilikuwa mbio ya nini?"

"Tunajaribu breki, Baba!"

"Imejaribiwa! Imetosha!"

Nikiwa nimelala vile, pua yangu karibu na dramu, ndipo nikaona. Siku zote kamba ilishuka upande wa mbali. Leo ilikuwa inashuka upande wangu, mbele ya macho yangu. Aliyeikunjua kupimia kisima aliikunja upya, vizuri, kwa nidhamu, na kinyume.

Nilitaka kucheka na nilitaka kulia. Nilijiona nikimpigia simu mke wangu na kumwambia, baba yako alikuwa anapima. Nikapiga kelele kuomba msaada, na mtu pekee aliyekuwa karibu akatoka jikoni na mwiko mkononi.

Hapa lazima nieleze jambo. Kwetu, mwanamume na mama mkwe wake wanaheshimiana kwa umbali. Nikimkuta njiani, napisha. Tukizungumza, kila mmoja anawaangalia kuku. Katika miaka tisa ya ndoa yangu sikuwahi kukaa mkeka mmoja na mama huyu. Alisimama hatua kumi kutoka kwangu, akawaangalia kuku, akauliza kwa adabu:

"Mkwe, kuna shida?"

"Mama, Baba yuko ndani, na mimi ninachoka. Njoo ukalie hili bomba."

"Hilo ulilolalia?"

"Hilohilo. Huku mwishoni. Haraka, Mama."

Aliangalia kuku mara moja ya mwisho, kama anayewaomba radhi. Kisha akaja, akajifunga kitenge vizuri, akakaa mwisho wa bomba. Mama mkwe wangu si mwembamba. Breki ikabana, dramu likatulia kabisa, nami nikateleza chini kwenye udongo.

"Mkwe! Kwa nini nasimama?"

"Breki ina shida kidogo, Baba. Mama ameikalia."

Kamba ikatikisika.

"Bibi yangu ameikalia nini?"

"Breki. Akitoka, wewe unakwenda."

Kamba ikatulia. Halafu kwa ile sauti ya kambini: "Asitoke! Mwambie asitoke hapo! Hiyo ni amri!"

Nilikuwa namwangalia mama mkwe usoni, kwa mara ya kwanza maishani, kwa hiyo naweza kusema nilichokiona. Uso wake ulibadilika polepole, kama wa mtu aliyekaa kwenye kiti cha mgeni akagundua ni kiti cha mwenyekiti. Aliweka mwiko juu ya magoti.

Nilimweleza haraka lililotokea na linalotakiwa. Hatuwezi kumpandisha salama na kamba iko hivi. Tumshushe polepole mpaka chini, avue mkanda, tuipandishe kamba tuikunje upya kwa upande wake, tuirudishe, tumvute. Kazi yake ni ndogo: akijiinua kidogo kwa miguu, mzee anashuka, akikaa, mzee anasimama.

"Kidogo namna hii?" Akajiinua.

"Mama yangu!" sauti ikatoka kisimani. Akakaa. Kelele ikakatika.

"Mwanajeshi anamwita mama yake," aliniambia, akiwaangalia kuku. Kisha akainamia shimo. "Mzee! Ile asali ya chupa ya kijani alikula nani?"

"Asali gani? Mimi iko kisimani!"

"Ndiyo, naona. Asali ya dawa ya kifua. Wewe ulisema ni panya."

"Mkwe, mwambie bibi yangu ashushe mutu!"

Nilipaswa kusema neno. Lakini huyu ni mama mkwe wangu, na kumkatiza mama mkwe ni utovu wa adabu. Nikakaa kimya, kwa heshima kubwa.

"Panya anafungua kifuniko?" mama akauliza.

Tulisikia maji yakidondoka huko chini, tone moja moja.

"Nilikula," sauti ikasema.

Akajiinua kidogo. Mzee akashuka kama mkono mmoja, taratibu kabisa. Nilishangaa: kwa dakika tano mama huyu alikuwa ameielewa breki kuliko watu niliowafundisha miezi. Alijua kipande gani cha unene wake ni sentimita ngapi za mumewe.

Wakaendelea hivyo. Akakiri kwamba jogoo wa jirani hakupotea, alimfukuza yeye. Akakiri kwamba mbele ya wageni wa kanisa alisema mchuzi una chumvi nyingi, na kwamba chumvi aliitia yeye mwenyewe mara ya pili kwa sababu hakuona mtu akiitia mara ya kwanza. Kila kweli, mkono mmoja. Mara moja alijaribu kusema uongo, kuhusu nani alivunja sufuria, akabaki hapohapo akining'inia mpaka alipobadilisha maelezo.

Halafu sauti ya mama ikawa nyingine. Mchezo ukatoka ndani yake.

"Na baiskeli?"

Hili nalijua, kwa sababu baiskeli ile tuliinunua mimi na mke wangu. Tulimletea mama kutoka Arua, ili asibebe simsim yake kichwani kwenda sokoni Koboko. Wiki ya pili mzee alisema ataitunza. Akanunua kufuli. Tangu hapo baiskeli ilikuwa inakwenda na yeye kila asubuhi kwenye vibaraza vya wastaafu wenzake, na mama alikuwa anatembea na simsim kichwani kama zamani. Ufunguo aliuvaa shingoni kwa uzi, pale alipovaa zamani kitambulisho cha jeshi. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Mimi pia sikuuliza, na naona aibu.

"Baiskeli iko salama," mzee alijibu.

"Najua iko salama. Miguu yangu ndiyo haiko salama."

"Tutaongea nikitoka."

"Ukitoka hutaongea. Ukitoka utapanga viatu."

Nilikuwa nimesimama sasa, nimeshika fremu. Sikuwaangalia kuku wala mama, niliangalia udongo. Aliniambia baadaye, kupitia kwa mke wangu, kwamba alikuwa ameshalia kwa ajili ya safari zile, na kwamba siku ile hakupanga kusema lolote. Ni vile tu kwa mara ya kwanza mzee hakuweza kuondoka katikati ya maneno yake.

"Ichukue," ikasema sauti. Kiswahili chake cha amri kilikuwa kimeisha. "Baiskeli ni yako. Mimi nilijua ni yako."

Akajiinua, na safari hii alimshusha mpaka chini bila kusimama, laini kama ninavyotaka mimi kushusha watu. Kamba ikalegea. Nikamwita afungue mkanda.

"Nimefungua. Vuta kamba."

"Kamba isipande mikono mitupu," mama akasema.

Ikachukua muda. Tulisikia akigunaguna. Nilipovuta, kiti cha tairi kikaja juu, na kwenye mkanda wa kifua ulikuwa umefungwa uzi wenye ufunguo mdogo wa kufuli. Mama aliufungua kwa vidole, akauvaa shingoni, akauingiza ndani ya gauni. Kisha akaondoka kwenye bomba, akaokota mwiko, akarudi jikoni kwa sababu kulikuwa na kitu kinaungua.

Kazi ya kukunjua kamba na kuikunja upya ni ya robo saa. Mimi ilinichukua zaidi ya hapo. Sina sababu nzuri ya kutoa. Nilihitaji kunywa maji, nilihitaji kukagua turubai, nilihitaji kusimama kidogo.

"Mkwe," sauti ikauliza kutoka chini, ya upole, "nani alikunja hiyo kamba vibaya?"

"Bado nachunguza, Baba."

"Ilikuwa imechafuka kama matumbo ya mbuzi. Mimi niliipanga."

"Uliipanga vizuri sana, Baba. Ilikuwa nzuri kuliko zote."

Wakati huo mwenzangu akarudi, bodaboda ikipiga honi, mifuko miwili ya saruji nyuma. Alitazama winchi, akatazama kiti cha tairi kitupu, akatazama buti zangu zilizojaa udongo.

"Muzee iko wapi?"

"Anapima."

"Anapima nini?"

"Kisima. Ngoja tumtoe."

Nilimpa mwenzangu mpini, mimi nikaweka kiganja kimoja kwenye breki, pale pa siku zote. Kamba ilishuka upande wa mbali. Mzee akapanda, tukipumzika kila mizunguko kumi, na kila tulipopumzika nilimshikilia kwa kiganja, kwa uzito wa kikombe cha chai. Hakuna aliyeona isipokuwa mwenzangu, ambaye ameshaona mara elfu.

Alitoka amelowa mpaka magotini, kofia mkononi imejaa tope. Alisimama, akajikung'uta, akazunguka winchi mara moja na mikono yake nyuma. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake akaniuliza kwa nini kitu kile kinashika upande huu na hakishiki upande ule. Nikamweleza nusu ya pili, ile niliyopaswa kumweleza siku ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaenda ndani, akarudi na kopo la rangi nyekundu iliyobaki walipopaka milango, akachora yeye mwenyewe mshale kwenye ubavu wa dramu, mnene na ulionyooka.

"Sasa iko na amri," alisema.

"Na kina, Baba?"

Akawaza. "Pima nane."

Nilimpigia simu mke wangu mchana ule na kumsimulia yote, kwa sauti ya chini nyuma ya choo. Hakuuliza kuhusu baba yake. Aliuliza: "Wewe na mama mlikuwa kwenye bomba moja?" Nikasema kwa muda mfupi. Akacheka mpaka simu ikakatika.

Lakini habari ya bomba moja ilimfikia mzee pia, au aliiwaza mwenyewe, kwa sababu tulipomaliza kazi wiki iliyofuata aliniita mbele ya wazee wawili wa jirani na kunitoza kuku kwa kosa la kukaa chuma kimoja na mama mkwe. Mmoja wa wazee alisema hajawahi kusikia faini hiyo. Baba mkwe akasema ni mpya, kwa sababu chuma pia ni kipya. Nikanunua kuku, mama akampika, tukala nje kwenye ua uliofagiliwa.

Kwa kawaida firigisi ni ya mwenye nyumba. Mama alikuja na sahani, akamwekea mzee paja, akapita nyuma yangu bila kuniangalia, akaniwekea mimi firigisi. Wazee wale waliacha kutafuna. Mzee aliiangalia sahani yangu, akamwangalia mke wake, ambaye alikuwa anawaangalia kuku waliobaki.

"Kula, mkwe," alisema. "Inapoa."

Nikala.